Klabu Isiyo na Mwenyewe

Fundi baiskeli aliyeitwa Spoki alikuwa mtu wa hasira, na hakuona sababu ya kuificha. Aliwakasirikia wanaoendesha juu ya tairi lisilo na upepo mpaka rimu inakufa. Aliwakasirikia wanaopaka cheni mafuta ya kupikia. Aliwakasirikia wateja wanaoleta baiskeli asubuhi wakisema wanaihitaji jioni ile ile, kisha wanakuja kuichukua baada ya mwezi, tena wakiwa na maswali. Madereva wa malori walikuwa na fungu lao peke yao. Mkewe alizoea kusema kwamba siku mumewe atakapoamka anatabasamu, yeye ataita daktari kwanza na ndugu baadaye.

Jina alipewa na mjomba wake, aliyemlea na kumfundisha kazi kwa maneno machache na makofi mengi. Alikuwa mwembamba tangu utotoni, mikono mirefu, miguu mirefu, kifua hakuna. Mjomba akasema huyu mtoto ukimfunga kwenye rimu anazunguka vizuri tu, na jina likaganda. Alipokua akawa mwendesha baiskeli wa mashindano. Alishindana miaka mingi bila kushika nafasi ya kwanza hata siku moja, kwa sababu, kama alivyopenda kueleza, kila mara mbele yake alikuwepo mtu mwenye baiskeli ya maana, na yeye alikuwa juu ya baiskeli ya mizigo iliyovuliwa keria. Jambo hilo lilimkaa rohoni na halikutoka.

Magoti yalipoanza kumsumbua aliacha kushindana akaanzisha klabu. Walikuwepo watu waliopanda baiskeli kila siku kwa ajili ya kazi, wakapenda kukimbizana Jumapili kwa ajili ya raha: muuza maziwa, dobi, muuguzi wa zamu, tarishi wa ofisi moja ya mjini, na mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mfupi aliyewaacha wanaume wote kwenye mlima kisha akawasubiri juu akila chungwa. Shida ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa na baiskeli ya mashindano iliyo kamili. Mwalimu alikuwa na fremu nzuri iliyoning'inia ukutani bila magurudumu. Dobi alikuwa na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Kaka wa mkewe Spoki, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa na jozi ya magurudumu mepesi aliyoyapata Mungu ndiye ajuaye wapi. Kwa kuwa Spoki alimwita Shemeji, klabu nzima nayo ikamwita Shemeji.

Spoki akaviunganisha vitu hivyo vyote vikawa baiskeli. Yeye mwenyewe alileta mashine ya kunyooshea rimu aliyoachiwa na mjomba. Ilikuwa chuma kizito chenye mikono miwili. Unaweka gurudumu katikati, unalizungusha, na sindano ya pembeni inakuonyesha penye kosa hata kama kosa lenyewe ni unene wa ukucha. Mji mzima haukuwa na nyingine. Ndiyo iliyokuwa ikimlisha, maana watu walitoka mbali kuleta magurudumu yaliyopinda. Tangu klabu ilipoanza, mchana ilinyoosha magurudumu ya wateja na jioni ya klabu, na hakuna aliyewahi kuuliza zamu ya nani.

Sasa, kwa kuwa kila baiskeli ilikuwa ya watu watatu wanne, waliweka sheria: anayeondoka ataondoka na alicholeta. Muuza maziwa alipohamia mji mwingine, wote walikusanyika karakanani. Spoki akafungua pedeli zake mbili, akazisafisha kwa petroli, akazifunga kwenye kitambaa safi, wakamkabidhi huku wakipiga makofi. Baiskeli moja ikabaki kiwete msimu mzima na hakuna aliyenung'unika. Waliona hiyo ndiyo haki yenyewe. Mwalimu, aliyekuwa katibu, aliiandika sheria hiyo kwenye katiba ya klabu kwa mwandiko wake wa ubaoni, na wakakubaliana kwamba katiba nzima haikuwa na maneno matamu kuliko hayo.

Halafu zikaja baiskeli za zawadi. Mgeni mmoja aliyewahi kukaa mjini na kuendesha nao Jumapili kadhaa alirudi kwao, akawasimulia wenzake wa klabu ya huko, nao wakachanga baiskeli kumi na mbili za mashindano. Zilikuwa zimetumika lakini nzima, zenye gia za kweli na fremu unayoweza kuinua kwa vidole viwili. Zilipakiwa melini, zikafika, zikaingia kwenye ghala la forodha, na hapo zikakaa. Ushuru uliotajwa ulimfanya Mwalimu aombe kiti.

Njia ilikuwepo moja. Klabu za michezo ya ridhaa, zile ambazo watu wake wanacheza kwa kupenda na si kwa malipo, na ambazo hazitafuti faida, ziliweza kuomba msamaha wa kodi. Wakiupata, baiskeli zinatoka bure. Wakiukosa mpaka mwisho wa mwezi uliofuata, zinapigwa mnada. Spoki aliposikia neno mnada alimwona kabisa mtu asiyejua gia ni nini akiinunua baiskeli ya mashindano ili abebee kuku, na damu ikamchemka pale pale alipokuwa amesimama.

Alikwenda ofisi ya kodi mwenyewe, akiwa amevaa shati la harusi za watu. Ofisi ilikuwa na viti vya plastiki vilivyofungwa pamoja kwa chuma, ili asije mtu akaondoka na kimoja, na mbele kulikuwa na kioo chenye tundu la kuongelea. Tundu lenyewe lilikatwa chini sana. Kila aliyetaka kusema lilimbidi ainame, na Spoki kwa urefu wake alilazimika kuinama kama anayetafuta sarafu sakafuni. Alianza kukasirika kabla hajasema neno.

Afisa aliyekuwa upande wa pili alikuwa msichana wa miwani, mpole, aliyeamkia vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya klabu."

Alizisoma karatasi moja baada ya nyingine bila haraka, kisha akauliza, "Mzee wangu, hii klabu ni ya nani?"

"Ni yetu."

"Nyinyi akina nani?"

"Sisi wanachama! Kwani ungependa iwe ya majirani?" Watu kwenye foleni wakacheka, naye akapata nguvu. Akaichukua katiba, akaifungua kwenye ukurasa ule, akaipitisha chini ya kioo. "Soma hapo, binti yangu. Soma kwa sauti, na hawa walio nyuma yangu wasikie kama kwenye klabu yetu kuna mwizi."

Binti akasoma kwa sauti: mwanachama atakayeondoka ataondoka na alicholeta, na klabu ikifa kila mtu atachukua chake. Mtu mmoja kwenye foleni akasema, "Safi kabisa." Spoki akamgeukia akamwinamishia kichwa kwa shukrani.

"Hapo ndipo penye shida," afisa akasema.

"Wapi?"

"Hapo hapo uliponionyesha. Msamaha huu, mzee, unatolewa kwa kitu kisicho na mwenyewe. Kila mwanachama hapa ana fungu lake, na siku mkifunga mtagawana. Sheria inawaona nyinyi kama watu wenye mali yao wanaoitumia pamoja. Hakuna ubaya, lakini si asasi isiyo ya faida."

"Hatujawahi kula hata senti ya klabu!"

"Naamini."

"Kwa hiyo tungekuwa wezi ungetupa?"

"Mngekuwa wezi ningewanyima vilevile, mzee. Ila nyinyi mnaweza kurekebisha." Akamweleza. Iandikwe kwamba mali ya klabu si ya mtu yeyote. Anayeondoka aondoke mikono mitupu. Na klabu ikifa, kilichobaki kiende kwa klabu nyingine ya ridhaa iliyokwisha kupata msamaha, na itajwe. Spoki akauliza kama ipo yoyote hapa mjini iliyoupata. Afisa akatazama kwenye kompyuta yake akasema ipo moja, ile ya ng'ambo ya reli.

Alirudi nyumbani akiikokota baiskeli, maana akiwa na hasira ya kiasi hicho huwa hajiamini barabarani. Klabu ya ng'ambo ya reli! Watu wale wale ambao kiongozi wao alikatiza ndani ya kituo cha mafuta kwenye mashindano, akatokea mbele, akapewa kombe, na mpaka leo anawaonyesha watu.

Kikao cha klabu kilifanyika karakanani, watu wakiwa wamekaa juu ya matairi. Spoki aliwaeleza yote, huku akitukana tundu la kile kioo kila alipopata nafasi.

"Yaani usukani wangu apande yule wa kituo cha mafuta?" akauliza dobi.

"Klabu ikifa tu," Mwalimu akasema.

"Basi isife."

"Ndiyo maana tuko hapa. Na zile baiskeli zikipigwa mnada itakufa kwa aibu."

Wote wakaunga mkono. Hakukuwa na hata mmoja aliyepinga, na Spoki, kwa mara ya kwanza tangu atoke ofisini, alikunjua uso. Lakini katiba ilitaka wanachama wapewe wiki moja ya kutafakari kabla kifungu chochote hakijabadilishwa. Kura ikawekwa Jumapili. Wiki hiyo ndiyo iliyoharibu mambo.

Jumatatu asubuhi Shemeji alifika karakanani akiwa na gunia tupu. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, na kwa mkono wa birika alijulikana mtaa mzima: dukani kwake hata msumari uliopinda ulikuwa na bei.

"Habari za asubuhi, Shemeji."

"Nzuri. Umekuja kufanya mazoezi?"

"Nimekuja kuchukua magurudumu yangu."

Spoki akaiweka spana chini. "Unaondoka klabuni?"

"Naondoka leo. Jumapili narudi, nitajiandikisha upya." Akatabasamu kama mtu aliyefumbua fumbo. "Sheria ni yako mwenyewe, Shemeji. Anayeondoka anaondoka na alicholeta. Na mpaka Jumapili bado ni sheria."

"Huna haya?"

"Haya ya nini? Nimeleta mimi. Au nilileta magurudumu ya mtu?"

Spoki alimwona moyoni dada wa mtu huyu, mkewe mwenyewe, akameza alichotaka kusema. Sheria ilikuwa sheria. Aliishangilia yeye kwanza, aliipitisha chini ya kioo kwa majivuno. Akaipindua baiskeli, akafungua nati, akayatoa magurudumu. Hakuyasafisha kwa petroli na hakuna aliyepiga makofi. Akayatupia kwenye gunia kwa kishindo, na Shemeji akasema, "Taratibu, rimu hizo."

Habari zilienea. Jumanne akaja dobi, hakuthubutu kumtazama, akasema mke wake ndiye aliyemtuma. Jumatano akaja tarishi kuchukua cheni na breki. Kisha wakaja wengine ambao kwa miezi hawakuonekana hata kwenye mazoezi, ila sasa walikumbuka vizuri sana kwamba miaka ile walileta tandiko, taa, pampu, kengele. Kengele! Kila mmoja alikuwa na neno lake. Huyu alisema anaondoa tu kwa muda. Yule alisema anahofia wa ng'ambo ya reli. Mwingine alinyoosha mkono tu. Na kila mara ilikuwa lazima Spoki afungue mwenyewe, kwa kuwa spana zilikuwa zake na hakumwamini mtu na nati zake. Aliivunja klabu kwa mikono yake, kipande kwa kipande, mchana kweupe, na wapita njia wakidhani ana kazi nyingi.

Alitukana kwa kila nati. Aliwatukana kwa majina ya kazi zao na kwa majina ya vifaa vyao. Hasira ile haikuwa ya kawaida yake, ile ya tairi na mafuta ya kupikia, ambayo hupita kwa kikombe cha chai. Hii ilimuumiza, kwa sababu alikuwa akiwapenda watu hawa na alidhani wanajua.

Jumamosi mchana mkewe alimletea chakula, akaiona fremu moja imebaki inaning'inia kama nguo isiyo na mtu ndani. Mwalimu hakuchukua fremu yake. Muuguzi naye aliacha kiti chake cha baiskeli. Mengine yote yalikwisha kwenda.

"Baba watoto," mkewe akasema, "na wewe toa mashine."

"Nitoe nini?"

"Mashine ya mjomba. Iko kwenye orodha ya klabu tangu siku ya kwanza, uliiandikisha mwenyewe kwa mbwembwe. Kesho ikipigwa kura haitakuwa yako tena. Wenzako wote wamechukua vyao. Ichukue leo, irudishe Jumatatu kama mali yako, unyooshe magurudumu yao kwa hisani yako. Nani atakulaumu?"

Alikuwa amesema kweli tupu, na kwa sababu hiyo Spoki akachomwa zaidi.

"Nifanye kama kaka yako?"

"Usimwingize kaka yangu. Nakuambia habari za tumbo la nyumba yako."

"Sitatoa hata msumari! Nikitoa mimi, nitawaambia nini? Nitawatazama kwa macho gani?"

"Kwa haya haya. Wao mbona wanakutazama?"

Spoki alisukuma sahani pembeni. Ukweli ni kwamba haukuwa wema uliomshika siku ile. Mtu mwema angekaa akapima, akamfikiria mke na ada za shule. Spoki aliiacha mashine pale ilipo kwa sababu ya hasira, ili Jumapili aweze kuwakazia macho wote mmoja mmoja na kila mmoja aone aibu. Hilo tu ndilo alilolitaka.

Hawakuona aibu. Jumapili walikuja wamependeza, wakajiandikisha upya kwa furaha, wakapiga kura. Wote walisema ndiyo. Mwalimu akasoma mali za klabu ambazo kuanzia saa ile hazikuwa na mwenyewe: fremu moja, kiti kimoja, mashine moja ya kunyooshea rimu. Shemeji ndiye aliyepiga makofi kuliko wote, makofi ya mtu aliyelala vizuri.

Msamaha ulitoka. Afisa wa miwani alimpigia simu Mwalimu mwenyewe kumpa habari, na kabla ya siku ya mnada baiskeli kumi na mbili zilishushwa mbele ya karakana. Siku hiyo Spoki hakugombana na mtu. Alizifungua moja moja, akaweka magurudumu yake kwenye mashine, akayanyoosha mpaka sindano ikaacha kutikisika. Alimwambia Mwalimu apande ya kijani. Mwalimu alipotea kwenye kona ya barabara, akarudi anacheka peke yake kama mtu aliyesikia siri, na Spoki akageuza uso akajifanya anatafuta grisi.

Ulikuja uchaguzi wa kamati. Wakamchagua Shemeji kuwa mweka hazina, kwa kuwa ana duka na hesabu anazijua. Spoki alipinga mpaka sauti ikakauka, lakini ndiye mtu aliyepinga kila kitu siku zote, kwa hiyo hakuna aliyetofautisha.

Kikao cha kwanza tu cha kamati, Shemeji alivaa miwani ya kusomea akafungua masharti ya msamaha. Akasoma polepole, kwa ile sauti yake laini, kwamba mali ya asasi isiyo ya faida haitatumika kumnufaisha mtu binafsi, awe mwanachama au kiongozi.

"Sasa tuna jambo dogo," akasema. "Hii mashine. Ni ya klabu, lakini mchana inanyoosha magurudumu ya wateja wa mtu, na fedha zinaingia mfukoni mwa mtu. Sisemi ni nani. Wakaguzi wakija tutapoteza msamaha, na baiskeli zitatozwa ushuru wote."

Spoki alisimama, akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani maneno hayakutoka. Alitoka nje akatembea mpaka ofisi ya kodi bila kubadilisha nguo, grisi mikononi.

Alipiga kioo kwa kiganja. Afisa alipoona sura yake alitoka nje ya kile kioo, akaja kukaa naye kwenye viti vya plastiki, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee wangu," akasema, na ilionekana kabisa hakufurahia anachosema, "mweka hazina wenu yuko sahihi."

"Ni mashine ya mjomba wangu!"

"Ilikuwa. Uliitoa. Lakini unaweza kuikodi kutoka klabuni, kwa bei ya haki, mchana uitumie kwa kazi zako. Hilo linaruhusiwa."

"Nimkodi mjomba wangu? Nimlipe Shemeji ili nimguse mjomba wangu?"

"Humlipi Shemeji. Unailipa klabu."

"Klabu ndiyo nani?"

"Hakuna," akasema binti. "Ndiyo maana yake."

Mwalimu alikuja nyumbani kumbembeleza. Akamwambia wataweka kodi ndogo, ndogo kabisa, ya jina tu. Mkewe akamsihi. Hata muuguzi, mtu asiyeingilia mambo ya watu, alisimamisha baiskeli njiani akamwambia, "Kaka, lipa yaishe." Spoki haambiliki, hasemezeki. Alisema hatalipa hata shilingi kwa kitu alichokitoa kwa mkono wake, na pia hatakigusa kwa kazi yake binafsi mpaka anaingia kaburini, ili asije mtu akasema kaiba. Jioni alikuwa akiingia, ananyoosha magurudumu ya klabu bure, anafuta mashine, anaifunika. Mchana alikaa nje ya mlango wake mwenyewe, juani, akafanya kazi ya wateja kama wanavyofanya wanaoanza: baiskeli imepinduliwa miguu juu, kipande cha chaki kimeshikiliwa karibu na rimu, kidole gumba kwenye breki, jicho moja limefumbwa. Kazi ya muda mfupi ikawa ya nusu siku. Wateja wa mbali wakaacha kuja. Mkewe akaanza kushona nguo za watu.

Asubuhi moja Shemeji alikuja na gurudumu la nyuma begani, akiikokota baiskeli yake kwa lile la mbele. Lilikuwa moja ya yale mawili aliyoyaondoa kwa gunia. Alikuwa amelifunga kwenye baiskeli ya kubebea saruji ya dukani, gurudumu jepesi la mashindano chini ya saruji, na lilikuwa limepinda likawa kama kaukau za viazi.

"Shemeji, nisaidie. Nina mizigo leo." Akatazama huku na huku, akasogea karibu, akashusha sauti. "Weka tu kwenye mashine mara moja. Mimi ndiye mweka hazina, nani ataona?"

Spoki aliinuka taratibu. Hasira ilipanda kutoka miguuni, na safari hii haikumziba mdomo.

"Nani ataona? Nitaona mimi! Mashine ni ya klabu. Gurudumu ni lako. Ulilitoa humu kwa gunia, unakumbuka? Nilikufungulia nati mwenyewe. Klabu nzima mlibeba vyenu mkarudi mikono mitupu, mkapiga makofi, leo mnapanda baiskeli za bure, na mimi nakaa juani kama mwanafunzi mbele ya mlango wangu mwenyewe. Mimi nimetoa mashine. Niambie, Shemeji. Wewe umetoa nini?"

Shemeji alifikiri. Alifikiri kwa dhati kabisa, uso wake mnene ukiwa umekunjamana kwa juhudi.

"Mimi nilipiga kura ya ndiyo," akasema.

Na hakuwa anatania. Spoki alimtazama, akangoja hata dalili ya kicheko, haikuja. Akachukua gurudumu lililopinda, akaipindua baiskeli ya saruji miguu juu, akalifunga mahali pake. Akamshika Shemeji mkono akauweka kwenye pedeli.

"Zungusha."

"Mimi?"

"Nina mikono miwili tu. Mmoja wa chaki, mmoja wa spana. Zungusha, na bei ni ya mteja."

Shemeji akainama akazungusha. Jua lilipanda, shati likamlowa mgongoni, duka likabaki limefungwa. Kila alipotaka kunyoosha kiuno Spoki aliweka chaki kwenye rimu na chaki ikagusa, maana kweli iligusa, hakuhitaji kudanganya. Watu wa mazoezi ya asubuhi wakapita, Mwalimu mbele juu ya ile ya kijani, dobi nyuma yake, wakapunguza mwendo wakamwona mweka hazina wao ameinama kama mtu wa kwenye tundu la ofisi ya kodi. Dobi alitazama usukani wake.

"Shemeji, nimechoka," Shemeji akasema.

"Zungusha," Spoki akasema. "Bado imepinda."